Igombe hadi Kayenze kwa miguu: mnapitaje pale majabali yanapoingia ziwani?

Mpenda Mawe

Salaam wanajamvi. Mimi na rafiki yangu, ambaye tunajuana tangu kidato cha kwanza, tumedhamiria kutembea kando ya Ziwa Victoria kutoka Igombe hadi Kayenze, huku Mwanza. Tulijaribu mwezi Julai tukashindwa. Asubuhi mwendo ulikuwa mzuri, tukapita mialoni, wavuvi wanakoshushia samaki, na pembeni mwa mashamba ya mihogo, hadi tulipofika mahali ambapo majabali yameshuka moja kwa moja majini na njia ikakatika. Nilipanda nikavuka upande wa pili nikidhani mwenzangu yuko nyuma yangu. Nilipogeuka sikumwona. Nilirudi nikamkuta amelala kifudifudi juu ya jabali lililoinama, vidole vimeng'ang'ania ufa usiozidi unene wa kalamu, goti la kulia likimtetemeka, kwa sababu alikuwa amekanyaga mchirizi mweusi uliolowa na raba ikateleza. Kumshusha kulituchukua karibu nusu saa. Hakunilaumu hata kwa neno moja, lakini najua kosa lilikuwa langu.

Sasa ameniomba twende tena. Naomba kuuliza: njia ikikatika namna ile, je, ni salama kuingia majini hadi magotini na kulizunguka jabali, au ni lazima kupanda? Na watu wawili ambao nguvu zao hazilingani wapangeje mwendo?

Mzaliwa wa Sangabuye

Pole sana, ndugu, na mshukuru Mungu kwamba mwenzako alitulia. Jibu langu ni kwamba msiingie majini na wala msilazimishe kupanda. Rudini nyuma mtafute njia ya ng'ombe. Huku kwetu njia za mifugo hushuka ziwani penye mteremko wa afadhali, mara nyingi zikiwa na ua wa minyaa pembeni, na ukiifuata moja kwenda juu utalizunguka jabali zima na kushukia upande wa pili kwa njia nyingine. Itawaongezea muda, lakini hakuna atakayening'inia.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, hivyo vijia vingi walivyopita wazee wetu chini ya mawe vilimezwa. Mtu akikwambia "hapo huwa tunapita", muulize alipita lini. Mawe yetu haya yakiwa makavu hushika kiatu vizuri mno, ila yakilowa huwa na utando wa kijani usioonekana ukiwa umesimama. Uinamie uuguse kwa kiganja kabla ya kuukanyaga. Penye matete na mafunjo msikae kabisa, kwa sababu ya mamba, na alfajiri msisimame kati ya kiboko anayerudi kutoka malishoni na maji.

Ningewashauri pia mwende siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wengi huwa nyumbani mchana wakishona nyavu, na mkipatwa na shida mtapata mtu wa kuwachukua kwa mtumbwi. Mkipita mwaloni, salimieni kwanza, na kina mama wakiwa wameanika dagaa juu ya mawe, zungukeni.

Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono, na ninaongeza sababu ya kiafya. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao wetu. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, zaidi wakati jua limepanda, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hivyo kuingia hadi magotini saa sita mchana ni kujipeleka. Walioingia majini wasikimbilie kumeza dawa siku hiyohiyo, kwa kuwa prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga. Nendeni mkapime choo baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hamjisikii vibaya.

Miguu Miwili

Kuhusu mwendo, mimi hutembea na dada yangu ambaye goti lake si zima, na kwetu anayetangulia ni yeye. Akitangulia mwenye nguvu, kila anapopumzika humngoja mwenzake, na akifikiwa tu huondoka, kwa hiyo aliyechoka hapumziki kamwe. Mbele ya kila jabali tunasimama wote wawili na kukubaliana ni wapi tutaweka mguu, na akisema hapana, tunazunguka bila mjadala. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huinuka na mawimbi huyalowesha mawe yaliyokuwa makavu.

Mpenda Mawe

Ahsanteni sana. Nimemsomea mwenzangu haya yote kwa simu, na amekubali kutangulia. Dada muuguzi, Julai tulioga wote wawili pale Igombe kabla ya kupanda daladala, na sasa wiki ya tisa inapita. Kesho asubuhi ninampitia kwake twende tukapime.