Nisaidieni jina la blogu yangu ya michezo, nimekwama

Mpemba wa Tumbe:
Asalaam alaykum ndugu zangu. Wiki ya tatu hii nahangaika na jina tu, makala ya kwanza ishakamilika zamani. Siku ile ya 13 Januari 2025 nilikuwepo uwanja wa Gombani hapa Pemba, Zanzibar Heroes wanamfunga Burkina Faso 2-1 fainali ya Kombe la Mapinduzi, nikarudi nyumbani silali, nikaandika yote kwenye simu nikawatumia jamaa walioko Unguja na Muscat, na mpaka leo wananambia fungua blogu. Nataka niandike mpira wa Pemba, nage, ule mchezo wa mpira wa kina dada, resi za ngalawa, mchezo wa ng'ombe, wa watu kupambana na fahali, na ule mpira wetu wa mchangani, maji yakitoka tu tunachomeka vijiti vya mkandaa viwili huku viwili kule, mpira wenyewe wa matambara ukisharowa mzito kama jiwe, na maji yakifika kwenye goli mechi imekwisha hata kama mmefungwa. Majina niliyonayo ni Pemba Heroes, Gombani Leo na Mchezo wa Ng'ombe. Kazi ya duka hainipi nafasi, ntaandika mara mbili kwa mwezi. Lipi zuri?

Binti Michenzani:
Waalaykum salaam kaka. Pemba Heroes liache kabisa. Heroes ni timu yetu ya taifa, watu watadhani wewe ndo msemaji wao. Mie nilikuwa na ukurasa nikautia jina la klabu niipendayo, wakifungwa tu natukanwa mie usiku kucha, wengine wananiuliza tiketi, nikaufunga na roho inaniuma. Gombani Leo nalo, mtu akiona "leo" atakuja kila siku, na wewe umesema mara mbili kwa mwezi. Mchezo wa Ng'ombe nalipenda lakini ile alama ya ng' haikubali kwenye anwani ya intaneti, ni herufi, namba na kistari basi, itabidi uandike ngombe na mimi hainikai.

Kahawa Chungu:
Na usitie tukio wala mwaka. Machi 2017 Zanzibar tulivoingizwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nikafungua blogu yenye CAF ndani ya jina, furaha ile kila mtu anaijua, Julai tukatolewa. Disemba vijana wakafika fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos, Kenya wakatutoa kwa matuta, nikaandika makala nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika na juu yake limekaa jina la kitu ambacho hatuna tena. Kubadilisha jina nako tabu, viungo vyote walivokuwa wanatumiana watu vikafa.

Dada wa Darajani:
Mie napendekeza Urojo wa Michezo, kama ule mchuzi wetu wa mchanganyiko, kwa vile umechanganya vitu vingi.

Binti Michenzani:
Tamu hiyo dada, ila akitafuta mtu kwenye Google si ataletewa mapishi?

Mzee wa Ngalawa:
Mwanangu wa Tumbe, jina umelitaja mwenyewe hukuliona. Huo mpira wenu wa mchangani mlikuwa mnaucheza sana lini? Si siku za maji mafu, maji hayatoki ya maana, mchanga kidogo tu mnagongana. Mnasubiri bamvua, maji yanakwenda mbaaali, kiwanja kinakuwa kikubwa mpaka kipa wa kule humtambui. Basi ita Bamvua. Fupi, halina alama ya kusumbua, la mpira limo na la ngalawa limo. Na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, kama hivo unavotaka kuandika.

Kahawa Chungu:
Hapo umemaliza mzee wetu.

Mpemba wa Tumbe:
Ami, nimesoma hii nikiwa dukani nikasimama. Nimempigia dada yangu alieko Muscat nikamtamkia mara moja tu, nikamwambia niandikie ulivosikia, kaandika sawasawa, halafu akaniuliza unakumbuka siku ile maji yalichukua viatu vyetu vya skuli? Naikumbuka. Nimetafuta na anwani, Bamvua Michezo ipo wazi, nimeshailipia. Ile ya Gombani ntaitoa inshallah mwezi ukiandama, na ya pili itakuwa ya mpira wa mchangani, viatu vimo.