Mama ameandikiwa insulini na hataki kuchomwa: tuanzeje?

Binti wa Muheza
Habari za leo, ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 63, na huu ni mwaka wa 11 tangu agundulike na kisukari cha aina ya pili. Muda wote huo ametumia vidonge vya metformini na glibenklamidi, lakini tangu Machi sukari yake ya asubuhi, kabla hajala, haijashuka chini ya 13, na wiki iliyopita daktari alimwandikia insulini uniti 10 kila usiku. Mama amekataa katakata. Jirani yetu alianza sindano, akakatwa mguu na kufariki mwaka huohuo, na mama anaamini kuwa sindano ndiyo iliyomuua. Siku ya sita leo chupa imo kabatini, imeviringishwa kwenye khanga, haijafunguliwa, nasi hatuna jokofu. Nimweleze nini, na dawa niitunzeje katika joto hili?

Muuguzi wa Kliniki
Pole sana, dada. Hofu ya mama naifahamu, na kwa kiasi fulani tumeipanda sisi wahudumu, tunaomtisha mgonjwa kwamba asipojitunza atachomwa sindano, kisha siku ya kuihitaji tunamtaka aipokee kwa moyo mkunjufu. Mweleze kwamba kisukari cha aina ya pili hulichosha kongosho kadiri miaka inavyopita, hata likashindwa kutoa insulini ya kutosha, na kwamba mguu huharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu ikaua neva na kuziba mishipa ya damu. Wengi huanza sindano wakati madhara hayo yameshaingia, ndipo lawama ikaiangukia dawa.

Metformini kwa kawaida huendelea, lakini muulizeni daktari kuhusu glibenklamidi, kwa sababu ikichanganyika na insulini inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Kuhusu utunzaji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe maji kila siku, na ufunike kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, na kopo likae ndani ya chungu kidogo. Hesabu wiki nne tangu ilipotoka kwenye jokofu, kisha usiitumie tena.

Mzee wa Pangani
Mwanangu, mimi najichoma mwaka wa tisa sasa, na miguu yangu yote miwili ninayo. Kama ni ile insulini ya maziwa, utaona unga mweupe umetuama chini ya chupa. Usiitikise; iviringishe viganjani taratibu, kama mtu anayesokota kamba ya usumba, mpaka yote iwe nyeupe sawasawa. Chupa ikiandikwa 100, na bomba la sindano liwe la 100, maana alama zikitofautiana kipimo kinaharibika. Achomwe tumboni, mbali kidogo na kitovu, au pajani, na kila siku mhame mahali, kwani panapochomwa palepale kila mara hufanya uvimbe na dawa haiingii vizuri.

Ninalokusisitizia ni usiku. Niliwahi kuamka sukari imeshuka kupita kiasi, shuka limelowa jasho, mikono ikitetemeka, nikashindwa hata kufungua mlango. Mke wangu alinikorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, tukangoja robo saa, nikala kipande cha muhogo. Sukari ikae karibu na kitanda cha mama, na kila mtu nyumbani ajue ilipo. Akipoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Binti wa Muheza
Shikamoo mzee, na asante dada muuguzi. Nimemsomea mama majibu yote. Kwa uvimbe alinyamaza, kwa miguu miwili akauliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaomba kuiona sindano yenyewe. Ameilinganisha na ile anayoshonea mito, akasema hii ni nyembamba mno. Kesho tunarudi kliniki kuuliza kuhusu glibenklamidi, na amekubali muuguzi amchome ya kwanza mimi nikitazama.