Dark Sun mpya: tusubiri, au tuanze Eberron?

KobeWaJangwani
Wakuu, salaam. Kampeni yetu ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu) iko ukingoni, joka limebaki na roho moja tu, na meza inataka dunia mpya. Mwendeshaji wa mchezo ni mimi. Nina njia tatu: kusubiri Dark Sun mpya (ile dunia ya jangwa iitwayo Athas) ambayo kila mtu anadai iko jikoni, kuanza Eberron (dunia ya uchawi na treni) moja kwa moja, au kuchukua Dark Sun ya zamani na kuirekebisha kanuni mwenyewe. Bajeti inaruhusu kitabu kimoja, si viwili. Ipi inalipa?

mama_dadu
Mwanangu, hilo ni swali nusu. Mnatumia toleo gani? Wachezaji wangapi? Mnaanzia levo (ngazi ya nguvu ya mhusika) ya ngapi? Mnakaa meza moja au mnacheza mtandaoni? Na la muhimu kuliko yote: hao wachezaji wako wanapenda kupigana, au wanapenda fitina na mazungumzo? Bila hayo kila mtu atakutajia dunia aipendayo yeye.

MnaraWaKalak
Subiri! Dalili mbona ziko wazi. Tazama majaribio ya kanuni waliyotoa wachapishaji Agosti 2025, aina nne za wahusika: mpiganaji gladieta, druidi (kuhani wa maumbile) mhifadhi wa ardhi, mchawi anayechota nguvu kwa kuharibu, na warloki (mchawi wa mkataba) ambaye bwana wake ni mfalme-mchawi. Niambieni ni dunia gani nyingine ya D&D yenye wafalme-wachawi wanaotawala miji katikati ya jangwa. Kabla ya hapo, mwaka huohuo, walileta darasa (aina ya mhusika) la saioni wa kutumia nguvu za akili. Athas bila nguvu za akili si Athas, kwa hiyo wanajenga msingi kwanza. Jina hawakulitaja, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Fundi_wa_Cyre
Majaribio si ahadi, mkuu. Kati ya 2015 na 2017 walitujaribisha darasa la Mystic, naye alikuwa wa nguvu za akili vilevile. Watu wakaandika wahusika, wakapanga kampeni, wakajaza fomu za maoni. Hakuchapishwa. Kwa hiyo Kobe akisubiri, anasubiri tetesi.

Eberron ipo. Kitabu kikubwa ni cha 2019, na 2025 wameongeza kingine kwa ajili ya kanuni mpya. Mnapata treni za umeme zinazosukumwa na roho zilizofungwa ndani, vita vya karne nzima vilivyokwisha juzi tu, nchi nzima ya Cyre iliyofutika bila mtu kujua nani kaifuta. Keith Baker, aliyeibuni, aliishindanisha katika shindano la wachapishaji mwaka 2002 dhidi ya mapendekezo zaidi ya elfu kumi. Haikushinda kwa bahati.

KobeWaJangwani
@mama_dadu toleo la tano, kanuni za 2024. Wachezaji wanne, wakati mwingine watano.

mama_dadu
Umejibu mawili, matatu umeyaruka.

mchanga_mwekundu
Kobe, kuhusu ile njia ya tatu, ngoja nikusimulie yaliyotukuta, kisha uamue.

Mwendeshaji wetu wa wakati ule alikuwa mpenzi wa Dark Sun kupita kiasi. Akachukua dunia ya zamani na kanuni za toleo la tano za 2014, akasema hii ni kampeni ya kiu. Kila mmoja akapewa karatasi yenye visanduku vya maji, kisanduku kimoja galoni moja. Kanuni inasema mtu anahitaji galoni moja kwa siku, mbili kukiwa na joto. Athas kuna joto lini hakuna? Basi mbili. Siku ya kwanza tulikuwa watumwa watoro, tuna kiriba kimoja, tunabishana nani anywe. Mchezaji mmoja akampa mwenzake sehemu yake ya maji akabaki amechoka, anarusha dadu kwa taabu. Nakwambia ilikuwa tamu.

Tulipopanda hadi levo ya tatu, kuhani wetu akasoma orodha yake vizuri. Uchawi wa kuumba maji, levo ya kwanza: galoni kumi safi. Tulikuwa watano. Watano mara mbili ni kumi. Yaani nafasi moja ya uchawi (ruhusa ya kuroga mara moja), kila asubuhi, na kampeni ya kiu imekwisha. Na kuhani wa levo ya tatu ana nafasi nne za uchawi wa levo ya kwanza! Mwendeshaji akasema uchawi huo haufanyi kazi Athas. Sawa. Druidi akatoa matunda ya ajabu kumi, kila moja linashibisha mtu siku nzima. Nayo yakapigwa marufuku. Mwingine asili yake ilikuwa mtu wa porini, ile inayomruhusu kupata chakula na maji yake na ya wenzake watano. Marufuku. Ikawa kila kikao tunafika na kukuta kitu kingine kimekatwa kwenye karatasi zetu, tena katikati ya mchezo, baada ya mtu kukitegemea. Kuhani akaacha kuja. Karatasi yangu ya maji ilikuwa imefutwafutwa mpaka imetoboka, na mwisho hakuna aliyekuwa anahesabu.

Tatizo halikuwa dunia. Kanuni za toleo la tano zimetengenezwa ili njaa na kiu visiwe kikwazo. Ukitaka kiu, kaa kabla ya kampeni, andika orodha ya vilivyokatwa, wape wachezaji waione kabla hawajatengeneza wahusika.

MnaraWaKalak
Umenisaidia hoja! Ndiyo maana nasema asubiri. Kitabu rasmi kitakuja na orodha hiyo tayari.

mchanga_mwekundu
Kitakuja? Wewe umekiona? Vitabu vya sasa haviondoi uchawi wa mtu, vinaongeza tu. Nadhani watakupa kanuni ya hiari, nusu ukurasa, halafu orodha ya mazimwi.

mzee_wa_1991
Vijana mnahangaika bure. Sanduku la kwanza la Dark Sun, la 1991, lilishajibu haya yote. Uwezo wa mhusika ulirushwa kwa dadu tano za pande nne, yaani 5 hadi 20, kwa sababu Athas dhaifu hafiki utu uzima. Mlianza levo ya tatu, si ya kwanza. Na kila mchezaji alikuwa na wahusika wanne, mmoja anacheza, watatu wako akiba, kwa kuwa kifo kilikuwa jambo la kawaida. Michoro ya msanii Brom tu ilitosha kukueleza dunia hiyo ilivyo: watu wamekonda, silaha za mifupa, jua jekundu.

Kama huwezi kanuni za zamani, tafuta kitabu cha 2010, cha toleo la nne. Kanuni zake usizitumie, tumia dunia. Walirudisha saa nyuma hadi muda mfupi baada ya Kalak, mfalme-mchawi wa mji wa Tyr, kuuawa na mji kuwa huru, wakaachana na yaliyofuata kwenye riwaya. Hapo wachezaji wako ndio wanaoamua historia. Na kuna kanuni moja ya kuiba: ukirusha 1, ama unakubali umekosa, ama unarusha tena lakini silaha yako ya mfupa inavunjika. Inaingia toleo lolote bila kugusa kingine.

KobeWaJangwani
Shikamoo mzee. Hiyo ya silaha naichukua leo hii. Tunacheza mtandaoni, nilisahau kusema.

mama_dadu
Marahaba kwa niaba yake, naona kaondoka 😂. Bado levo na wachezaji wanapenda nini.

Tunu_Mul
Mimi nina wasiwasi na Dark Sun mpya hata ikitoka. Utumwa uko kila kona ya dunia ile. Wachapishaji wa sasa watauondoa, au watauita jina lingine. Ukiuondoa, Tyr ilikombolewa kutoka kwa nini?

Fundi_wa_Cyre
Kwani lazima mtu acheze utumwa Jumamosi jioni akitaka kupumzika? Kwenye meza yangu kuna mtu hataki hata kusikia neno hilo, na ana sababu zake.

Tunu_Mul
Hakuna aliyesema lazima. Lakini kati ya matukio ya mwanzo ya Dark Sun ni watumwa wanaojenga piramidi ya ngazi ya Kalak wakawa huru. Wahusika wako upande wa minyororo, si wa mjeledi. Kuna tofauti kubwa. Muulize kila mchezaji kabla, basi.

mzee_wa_1991
Ninachoogopa mimi ni wale watu wafupi, halfling. Dunia nyingine zote ni wacheshi, wanapenda supu na tumbaku. Athas wanakula watu. Wakiwafanya wacheshi nafunga akaunti.

MnaraWaKalak
Hawatathubutu. Na thri-kreen je? Wale panzi wanaopenda nyama ya elfu?

Fundi_wa_Cyre
Panzi elfu ngapi? 😂

MnaraWaKalak
ELFU, wenye masikio marefu! Thri-kreen tayari wako kwenye kanuni tangu kitabu cha Spelljammer cha 2022, na hawalali usiku. Mlinzi wa kambi bure kabisa.

KobeWaJangwani
Sasa hapo mmenipa wazo. Thri-kreen naweza kumweka Eberron?

Fundi_wa_Cyre
Eberron hakuna kisichowekeka. Ndiyo uzuri wake. Mpeleke bara la Xen'drik, msitu na jangwa vyote viko huko.

mzee_wa_1991
Jangwa lenye treni jirani. Toba.

KobeWaJangwani
Nimeuliza kundi. Wawili wanataka Athas, mmoja Eberron, wa nne anasema anataka tu kucheza panzi, popote. Wa tano hajajibu.

mama_dadu
Huyo wa nne mpe panzi. Wa tano ndiye atakayekuja siku ya mchezo na kuhani wa maji.

mchanga_mwekundu
Msinikumbushe.