Wakuu, hii kura ya katuni ya ukutani hapa Mwanga ni uhuni mtupu

Wakuu salama? Mimi si salama. Kibanda tunachochezea gemu huku Mwanga, Kigoma, mwenye nacho kaamua kupaka ukuta rangi, akasema tupige kura achorwe nani, Mario, Sonic au Mickey Mouse. Kashinda Mickey. MICKEY!! Kwenye banda la gemu jamani, na mle ndani sijaona hata mmoja aliyeshika pedi akamchezesha huyo panya.

Sababu eti ndo mkongwe. Haya, katuni yake ya Steamboat Willie ni ya 1928, shikamoo yake tunampa. Ila Mickey alizaliwa wa kuangaliwa, Mario wa kuchezeshwa, sasa mnawashindanishaje, si ni sawa na kushindanisha mgebuka na mawese?

Halafu kuna dogo anacheka masharubu ya Mario, anasema anafanana na fundi bomba mlevi. We dogo unajua yametoka wapi? Gemu la Donkey Kong 1981, mashine za enzi hizo vidoti vya kuchorea vilikuwa vichache mno, Miyamoto aliyembuni akaona mdomo hautaonekana akamuwekea masharubu, nywele nazo zinasumbua akamvika kofia, ovaroli ikawekwa ili mikono ionekane inavyotembea. Yaani kila alichovaa kina kazi yake, hapo hamna urembo.

Wa Sonic ndo wananimaliza kabisa, wengi wamemjua juzi kwenye muvi ya 2020, wala hawajui kwamba trela ya kwanza ya 2019 watu walimkataa kwa yale meno ya kibinadamu mpaka ikabidi achorwe upya na muvi ikasogezwa mbele. Ila huyu angalau ningemuelewa, kampuni ya Sega walimtoa 1991 makusudi aje ampige Mario, kwa hiyo ni mpinzani halali. Shida ni kwamba 2001 Sega wakaachana na biashara ya mashine za gemu, na Sonic akaenda kupanga kwenye mashine za Nintendo, kwa Mario huyohuyo!

Sasa mchoraji keshaanza, masikio mawili yako ukutani, moja kubwa kuliko lingine. Nimemwambia mwenye banda kura irudiwe na wapige wanaocheza tu, sio wapita njia waliokuja kuchaji simu, la sivyo mimi nahama. Kanijibu, hama, ila lipa deni kwanza.