Misitu ya nchi za baridi ina utajiri wa vinasaba: mbona bado tunaambiwa iko hatarini?

Mwanafunzi_Ibanda (Bukavu)

Habari zenu wote. Ninaandaa kazi ya darasa kuhusu misitu ya nchi zenye baridi ya wastani, kama vile ile ya Ulaya, Kanada na Tasmania (kisiwa cha Australia), na kuna jambo limenikwamisha. Vitabu vinasema kwamba miti ya misitu ni miongoni mwa viumbe wenye utofauti mkubwa sana wa vinasaba, na kwamba utofauti huo ndio unaoiwezesha kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Kurasa chache mbele, vitabu hivyo hivyo vinasema misitu hiyo huenda ikashindwa kwenda sambamba na joto linavyopanda. Ikiwa akiba ipo, hofu inatoka wapi? Na ikiwa miti ya kusini imekwisha kuzoea joto, kwa nini wasichukue tu mbegu zake wakazipanda kaskazini? Naomba majibu yenye mifano, kwa sababu anayesahihisha kazi zetu hapendi maneno ya jumla.

Mwalimu_wa_Biolojia (Goma)

Ndugu mwanafunzi, kauli zote mbili ni za kweli, ila ya kwanza inahusu kilichomo ndani ya mbegu, na ya pili inahusu muda.

Mwaloni, msonobari na miti mingine mingi ya huko huchavushwa na upepo, na chavua yake hufika mbali sana. Ndiyo maana ukipima vinasaba vya msitu mmoja tu wa mialoni, humo humo utakuta sehemu kubwa ya utofauti wa spishi nzima. Katika mwaka wa mavuno mazuri ya mbegu, hekta moja inaweza kuotesha miche makumi ya maelfu, na baada ya karne moja ikabaki miti mia moja au mia mbili. Ukame, kivuli, wadudu na jalidi (baridi inayogandisha maji) ndivyo vinavyochagua: mche unaochipua mapema mno huunguzwa na jalidi ya mwisho wa majira ya baridi, na ule unaochelewa mno hufunikwa na majirani zake.

Tatizo ni kwamba uchaguzi huo hufanyika hasa wakati wa miche, ilhali mwaloni huchukua miongo kadhaa kabla ya kuzaa mbegu za kutosha. Mti uliokwisha kusimama hauwezi kubadilisha vinasaba vyake; utavumilia kwa kadiri ya ulichorithi kwa wazazi wake, basi. Baada ya enzi ya mwisho ya barafu, mialoni ilirudi kaskazini kutoka Hispania, Italia na Balkani kwa mwendo wa mita mia kadhaa kwa mwaka, nayo ilikuwa na maelfu ya miaka ya kufanya safari hiyo. Joto la sasa linapanda ndani ya umri wa mti mmoja.

Ukitaka mfano wa kumridhisha msahihishaji wako, linganisha miti miwili ya Uingereza. Ule ambao vitabu vyetu vya Kifaransa huuita orme (kwa Kiingereza elm) ulikuwa umeenea huko kwa machipukizi ya mizizi, si kwa mbegu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba aina iliyotawala mashambani ilikuwa nakala za mti mmoja uliopelekwa na Warumi. Ugonjwa wa kuvu ulipoingia kwa ukali katika miaka ya 1970, ulikuta mamilioni ya miti yenye udhaifu ule ule, na zaidi ya milioni 25 ikafa. Mti wa pili, frêne (kwa Kiingereza ash), huzaliana kwa mbegu. Kuvu nyingine, iliyotoka Asia na kuanza kuonekana Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, inaiua frêne kwa wingi vilevile, lakini asilimia 1 hadi 5 hivi ya miti inaonyesha ustahimilivu unaorithiwa, na ni kutokana na hiyo watafiti wanazalisha kizazi kipya. Najua hayo ni magonjwa, si joto. Hata hivyo utaratibu ni mmoja: pasipo tofauti hakuna cha kuchagua, na hata panapo tofauti, gharama ya uchaguzi ni vifo vingi.

Mbegu_Katanga (Lubumbashi)

Nikamilishe swali la pili. Kuhamisha mbegu kunafanyika, lakini wenye haraka walikwisha kuonywa na historia. Katika eneo la Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wakulima wa msonobari uitwao Pinus pinaster walipanda mashamba makubwa kwa mbegu kutoka rasi ya Iberia (Hispania na Ureno). Miti hiyo ilikua vizuri kwa miaka mingi, hadi baridi kali ya Januari 1985 ilipoiua katika makumi ya maelfu ya hekta, huku ile ya asili ya Landes ikistahimili kwa sehemu kubwa. Wastani wa joto hauui mti. Usiku mmoja wa jalidi unaweza.

Jimbo la British Columbia, Kanada, limekwenda kwa tahadhari zaidi. Mwaka 2009 lilianza kupanda mashamba ya majaribio yenye mbegu kutoka sehemu mbalimbali, na tangu mwaka 2018 kanuni zake za kuchagua mbegu zinafuata tabianchi ya mahali badala ya mipaka ya zamani ya ramani. Hawaruki mbali: mche mchanga ndio dhaifu kuliko mti mzima, kwa hiyo lazima kwanza uishi katika baridi ya leo.

Mwanafunzi_Ibanda (Bukavu)

Asanteni sana, walimu wangu. Je, ina maana mbegu ya papo hapo, yaani ya eneo lenyewe, si bora siku zote? Na kwetu huku kwenye mlima Kahuzi, ambako kileleni ni baridi, hoja hizi zinafaa?

Kitalu_Kabare (Kabare)

Kijana wangu, mbegu ya papo hapo mara nyingi ni nzuri, ila si kwa lazima, hasa pale tabianchi iliyoizoea inapoondoka. Lakini wenzangu wamezungumzia mno mbegu inatoka wapi, wakasahau kuuliza ilichumwa kwenye miti mingapi. Mnyauko wa migomba umekwisha kutufundisha hapa Kivu nini hutokea shamba zima linapokuwa la machipukizi ya aina moja.

Milimani miti haihitaji kusafiri mbali kufuata baridi, kwa kuwa joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Nyuzi moja ya ongezeko ni kama mita 170 za mlima. Lakini Kahuzi inaishia mita 3,308, na aliyeko kileleni hana pa kwenda; miti ya vilele vya Tasmania ina shida hiyo hiyo.

Chukua mti wa milimani uitwao Prunus africana, ambao magome yake huuzwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu mwaka 1995. Wanaobandua magome hutafuta mashina manene, na hiyo ndiyo miti mama, yaani inayotuzalia mbegu. Wenye vitalu wengi huokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na barabara, na miche yote inakuwa ndugu wa tumbo moja. Sisi tunajaribu kufikia miti mama 30, iliyoachana angalau mita 50 hadi 100, na tunachukua kiasi kinacholingana kwa kila mmoja. Matunda yakishakuwa ya zambarau tunayaondoa nyama, tunakausha mbegu kivulini, na kuzipanda upesi, kwa sababu hazidumu ghalani. Mbegu za kila mti hubaki katika mfuko wake hadi siku ya kupanda. Hapo ndipo tunapozichanganya.