Kliniki imeniuzia kinga ya meno ya mabondia kwa 180,000/= eti ya kusaga meno. Nimeitoboa ndani ya wiki tatu!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Nasaga meno usingizini. Mke wangu anasema ni kama amelala na mtu anayetafuna changarawe. Mama mkwe akasema ni minyoo, nikameza dawa za minyoo mara mbili, wapi! Asubuhi naamka taya limekaza na panja zinagonga, mpaka siku moja gego la chini likamegeka nikila wali. Wali tu, wala haukuwa na mchanga.

Nikaenda kliniki moja hapa Dar. Nikaambiwa nahitaji kinga ya kuvaa usiku, "inatengenezwa kwa kipimo chako", 180,000/=. Nikalipa. Yule bwana akachemsha maji kwenye birika la umeme mbele yangu, akatumbukiza kipande cha plastiki laini, akanipachika mdomoni: ng'ata. Dakika kumi nimemaliza. Hicho ndicho kipimo changu!

Usiku wa kwanza nililala mate yananitoka kama mtoto, na taya likauma kuliko mwanzo. Nikapiga simu, dada wa mapokezi akaniambia "utazoea kaka". Wiki ya tatu naiosha, naiinua kwenye taa, naona mwanga unapita upande wa kulia. Nimeitafuna mpaka tundu. Na vitu vya namna hii vinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya michezo, kwa mabondia, kwa bei ya kutupa.

Nimeenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Kwanza aliniuliza nakoroma? Naamka nimechoka? Nakunywa kahawa na pombe kiasi gani? Natumia dawa gani? Kule kliniki hakuna aliyeuliza hata moja. Akaniambia anayesaga kwa nguvu kama mimi anafaa kinga ngumu ya akriliki, na kwamba ile laini wengine huwafanya watafune zaidi. Akajaza ute wa kupimia kwenye trei, akachukua umbo la meno yote, likapelekwa maabara. Nilirudi baada ya wiki kuvalishwa kinga yenyewe. Akaning'atisha karatasi ya rangi, akaangalia alama, akaisaga kinga kidogo pale panapogusa sana, tena na tena, mpaka meno yote yakagusa sawasawa. Kazi ile peke yake ilichukua nusu saa. Kule nilikolipa 180,000/= sikufanyiwa hata mara moja!

Tena akanieleza ukweli: kinga haiondoi kusaga, inayalinda meno tu, maana gamba la jino likishalika halioti tena. Akanionya nisiioshe kwa maji ya moto, itapinda. Maji ya kawaida na mswaki laini, ikauke, ndipo iingie kwenye kikopo chenye matundu.

Sasa wale wa kliniki wanasema pesa hairudi kwa sababu "kifaa kimeshatumika". Kimetumika kwa kazi ipi, jamani? Jumatatu saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao na risiti iliyoandikwa "kinga ya kipimo maalumu", na lile tundu nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Aliyewahi kudai pesa yake kwenye kliniki binafsi akarudishiwa, aniambie alianzia wapi. Na kama umeuziwa kwa maji ya birika kama mimi, sema hapa.