Mapigo ya mvuke hayafuatani na magurudumu ya modeli yangu, nisaidieni

BintiGerezani
Wakuu, habari za jioni. Nina modeli ya injini ya mvuke, HO (kipimo cha 1:87), yenye dikoda ya DCC ya sauti, yaani kile kibao kidogo cha elektroniki ndani yake kinachopokea amri za kidijitali na kutoa sauti. Reli nimetandaza mezani chumba cha uani, hapa Ilala. Juzi nilimwashia babu yangu, aliyekuwa mchochea moto enzi za Relwe ya Afrika Mashariki. Akafumba macho, akasikiliza. Haikupita dakika akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ni cherehani."

Niliumia kwa sababu kasema kweli. Ikienda polepole, zile "chuf, chuf" ziko kivyake na magurudumu kivyake. Sauti nayo nyembamba, kama redio inayokwisha betri. Spika nimeibandika kwa gundi ndani ya tenda (kile kibehewa cha makaa na maji nyuma ya injini), basi. Nianzie wapi? Dikoda sibadilishi, nimeinunua kwa kudunduliza.

FundiKurasini
Dada, anza na mapigo. Injini ya silinda mbili hupiga mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja, maana mvuke unaisukuma pistoni kwenda na kurudi. Weka nukta ya wino mweupe wa kufutia ukingoni mwa gurudumu, rekodi kwa simu, halafu hesabu. Dikoda nyingi zinakisia mapigo kutokana na mwendo wa mota, na kijitabu chake kitakuonyesha CV (namba ya mpangilio ndani ya dikoda) ya kurekebishia. Fanyia kazi mwendo mdogo kabisa, huko ndiko sikio linanasa kosa. Mwendo mkubwa mapigo yanaungana yenyewe hata kwenye injini ya kweli.

Spika inatoa sauti mbele na mgongoni, na hizo mbili zikikutana zinauana. Ijengee kisanduku mgongoni kisichopitisha hewa hata chembe. Ukinunua nyingine Kariakoo, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisipungue zilizoandikwa kwenye kijitabu, utaunguza dikoda.

Behewa_la_Tatu
Naongezea moja. Injini haipigi kwa nguvu ileile safari nzima. Enzi za mvuke, treni ya Kigoma ikitoka Dar ilikutana na vilima vya Pugu, pale mvuke ulilia kweli. Kwenye mteremko dereva alifunga mvuke, ukabaki mlio wa vyuma vya pembeni tu. Pandisha CV 3 na CV 4, treni iwe nzito kuondoka na nzito kusimama. Dikoda nyingi, ukiongeza mwendo ghafla zinapiga kwa nguvu, ukipunguza zinanyamaza. Usiogope kuweka namba kubwa.

BintiGerezani
Nimerudi, na asanteni sana. Nilihesabu mapigo matatu kwa mzunguko! Sasa ni manne. Gurudumu langu lina kipenyo cha milimita 14, kwa hiyo pigo moja linakuja kila milimita 11 za reli, nimehakikisha kwa rula.

Kisanduku nimekata kwenye kifuniko cha kopo la plastiki. Cha kwanza hakikusaidia kitu, nikahangaika hadi saa tano usiku. Kumbe tundu la kupitishia waya lilikuwa linavuja. Nimeliziba kwa nta ya mshumaa, na hapohapo ile "chuf" ikapata kifua.

Babu amekuja tena leo. Safari hii hakufumba macho, aliweka kiganja mezani auhisi mtetemo. Treni ikaondoka, akaniambia, "Simamisha. Mbona mmeondoka bila kutoa maji?" Akanieleza kwamba injini ikisimama muda mrefu, mvuke unageuka maji ndani ya silinda, na maji hayashindiliki, yanaweza kuipasua. Kwa hiyo wakianza safari walifungua vali za chini, mvuke ukafoka pembeni mwa magurudumu, wakazifunga baada ya mizunguko michache. Sauti hiyo ninaipata wapi?

FundiKurasini
Shikamoo yake babu. Dikoda nyingi za mvuke zinayo. Simamisha injini, bonyeza vitufe vya F (vya sauti na taa, kwenye rimoti ya kuendeshea) kimoja kimoja hadi usikie mvuke ukifoka kwa mikupuo. Mwite yeye akae karibu, atakwambia ni kipi.